Oili Iliyopotelea Njia ya Geita

Karatasi ya kwanza niliiandika kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nakala yake ninayo bado, ile iliyotoka chini ya kaboni. Maandishi yamefifia lakini yanasomeka: "Nimekagua gari. Halivuji. Halitoi moshi. Plagi safi. Injini ni nzima, haili oili." Chini kuna sahihi yangu na muhuri wa gereji. Kwa karatasi hiyo dereva mmoja alifukuzwa kazi kwa wizi, na mimi nikaenda kula chakula cha mchana.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, wakati kila kitu kilipatikana kwa kibali. Sabuni kwa kibali, sukari kwa kibali, na oili ya gari kwa kibali ambacho mtu alikifuata asubuhi tatu au nne kabla ya kuambiwa arudi Jumatatu. Gereji yangu ilikuwa Ngokolo, mjini Shinyanga: shimo la kuingilia chini ya gari, paa la mabati, benchi moja. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu kwamba spea hakuna. Maneno hayo yalinichosha kuliko spana. Kila jioni niliandika katika daftari gari lililoingia, ugonjwa wake, nilichofanya na nilichokosa. Safu ya mwisho ndiyo iliyojaa haraka.

Gari ninalolisema lilikuwa la michezo, milango miwili, jekundu, la chini kiasi kwamba aliyekaa ndani alitazamana na magoti ya wapita njia. Lililetwa na mhandisi mmoja Mzungu wa mgodi wa almasi upande wa Songwa, na alipoondoka nchini alimwuzia mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Mfanyabiashara huyo wakati ule alikuwa kijana, na watu wazima mjini wanakumbuka alivyokuwa akilizungusha Jumapili jioni, nywele zimepakwa mafuta, akipiga honi bila sababu. Nilipolijua mimi, kijana yule alikuwa mzee wa miwani, na gari lilikuwa limegeuzwa punda. Pikapu ya duka ilikuwa juu ya magogo ikisubiri gia boksi. Kwa hiyo gari la michezo ndilo lililobeba khanga, betri za tochi na sufuria hadi Geita, kwa wachimbaji wa dhahabu, mara moja kwa wiki, kwa njia ya Kahama. Ili lisikwaruze tumbo, springi zilikuwa zimeongezwa vipande vya tairi. Likitembea, nyuma imeinuka, utadhani mbuzi anayepanda kichuguu.

Vipande hivyo vya tairi vilikuwa kazi ya dereva wake. Alikuwa mtu wa Kishapu, amepita hamsini, mrefu, na kuingia katika gari lile alikuwa akijikunja kwa awamu: kwanza kichwa, halafu bega, mwisho anavuta miguu kwa mikono kama mtu anayeingiza mizigo. Alikuwa amemwendesha tajiri wake karibu miaka ishirini. Kila Jumamosi alifungua plagi zote nne, akazisugua kwa msasa na petroli, akazipanga juu ya kitambaa cheupe. Nilikuwa nawatolea mfano madereva wengine. "Mwoneni huyu," nasema, "plagi zake unaweza kulia ugali."

Halafu oili ikaanza kwisha. Ndani ya mwezi mmoja, safari ya Geita iliyokuwa ikitaka kopo moja ikataka manne. Tajiri aliyahesabu makopo matupu na akafikia jibu lake. Huko Geita wachimbaji wana pampu za maji na mashine za kusagia mawe, na oili kule ilikuwa ikitafutwa karibu sawa na dhahabu yenyewe. Jumanne moja asubuhi, barazani kwa duka lake, mbele ya mafundi cherehani wawili waliokuwa wakishona hapo na wanawake waliokuwa wakichagua khanga, alisema kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku zote:

"Gari halinywi hivyo. Anayekunywa ni mtu."

Dereva akajibu, "Tajiri, gari linakula. Na asubuhi linalia. Mwulize fundi."

Wakaja wote kwangu, na mmoja wa mafundi cherehani akawafuata na tepu shingoni, hataki kukosa mwisho.

Nilikagua kwa utaratibu wangu. Nililala chini ya gari: pakavu. Nikafungua plagi: safi, kama kawaida ya mwenyewe. Nikawasha injini, nikaweka ncha ya bisibisi juu ya chuma na mpini sikioni, nikasikiliza silinda moja baada ya nyingine. Ilikuwa imetoka dukani ikiendeshwa, tayari ina joto, na ilisema kwa sauti moja tu. Nikaliendesha mimi mwenyewe hadi barabara ya uwanja wa ndege na kurudi, njia yote tambarare kama meza. Nikitazama kwenye kioo cha nyuma naona vumbi tu. Ilikuwa kiangazi, na Shinyanga wakati wa kiangazi hata baiskeli inaacha wingu.

"Sioni kitu," nikasema.

Dereva alinisogelea. "Fundi, njoo ulisikie asubuhi, kabla halijapata joto. Linagonga kama mtu anayebisha hodi."

"Injini zote zinalalamika asubuhi," nikamjibu. "Hata mimi nalalamika."

Fundi cherehani akacheka. Tajiri akatabasamu. Dereva hakucheka, na nilimwona hakucheka, kwa sababu mimi ni mtu wa kutazama watu. Nilimwona na bado nikachukua kalamu. Kutoka kwangu hadi nyumbani kwa tajiri ni dakika kumi kwa miguu. Nilikuwa nimechoka, wiki hiyo nilikuwa na matrekta mawili ya vijiji yaliyoshindikana, na sikutaka kuamka mapema kwa ajili ya sauti ambayo nilikuwa nimekwisha kuifanyia mzaha.

Tajiri aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akanyosha mkono. Dereva akaweka ufunguo juu ya kiganja chake.

"Shukuru sikupeleki polisi," tajiri akasema.

"Nashukuru," dereva akasema, akaondoka kwa miguu, na fundi cherehani akamfuata kwa mbali, akarudi barazani kushona na kusimulia.

Zikapita wiki tatu. Mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa na ya ghafla, na asubuhi yake gari jekundu likasimama mbele ya gereji yangu. Aliyeteremka alikuwa tajiri mwenyewe.

"Fundi, linakula," akasema.

"Nani anaendesha siku hizi?"

"Mimi."

"Na nani anatia oili?"

"Mimi. Kopo nafungua mimi, tupu natupa mimi."

"Basi mwizi tumempata, mzee."

Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, na nikaona kwamba alikuwa ameshalifikia jambo hilo kabla yangu, pengine njiani, peke yake na usukani.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uani kwake. Nililigusa gari: baridi. Nikawasha. Lilishtuka, likakohoa, na likaanza kugonga juu ya injini, ko, ko, ko-ko, bila mpangilio, silinda moja ikikataa na kukubali. Nilihesabu kwa saa yangu: dakika sita. Kadiri joto lilivyopanda kugonga kukapungua, kukawa tiki-tiki, kukaisha kabisa. Injini nzima, safi, ile ile niliyoiandikia karatasi. Lakini nyuma ya gari kulikuwa na harufu ambayo si ya petroli wala ya oili iliyoungua. Dirisha la jiko likafunguliwa na mke wa tajiri akatoa kichwa.

"Nani anakaanga maandazi uani kwangu?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa akikaanga.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kwenda Geita, nikamwambia tajiri nitakwenda naye. Nilikaa juu ya marobota ya khanga, nimegeukia nyuma, magoti yamegusa kidevu, macho kwenye kioo cha nyuma. Hadi Kahama hakuna kitu. Baada ya Kahama hakuna kitu. Mgongo wangu ulikuwa umekufa na nilikuwa nimeanza kutunga jinsi ya kumwambia kwamba sijui, ndipo vilima vya karibu na Geita vikaanza. Tajiri akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likateremka lenyewe. Chini ya mteremko akakanyaga tena, na nyuma yetu likafumuka wingu la buluu, nene, refu, likalala juu ya barabara nyekundu iliyolowa.

"Simama," nikasema.

Tukasimama. Tulishuka na kulitazama likitawanyika. Mama mmoja aliyebeba kuni alipita katikati yake akikunja pua.

"Mafuta ya kupikia yameshuka bei sana huko kwenu?" akatuuliza, akaendelea.

Kiangazi chote moshi huo ulikuwa ukitoka ndani ya vumbi letu wenyewe, na hakuna aliyeuona. Na ulitoka kwenye miteremko tu. Vijiti vya valvu hupita ndani ya mirija midogo ya chuma, na mirija hiyo ikilika, kila ukiondoa mguu injini hufyonza oili kutoka juu, na ukikanyaga tena huichoma. Shinyanga hakuna mteremko. Ningeliendesha mjini mwaka mzima, lisingenionyesha lolote. Na plagi, ambazo zingenionyesha utelezi wa oili hata kama sina kilima, dereva mwenyewe alikuwa akizisugua kila Jumamosi hadi zing'ae. Usafi niliomsifia ndio uliofuta ushahidi wake.

Tuliporudi nilifungua mfuniko wa juu ya injini. Nilitegemea oili nyeusi. Nikakuta utando wa kahawia, mgumu, unanata, kama sukari guru iliyoungulia chini ya sufuria. Nilikwangua kwa kucha na kunusa. Mafuta ya pamba. Katika mji wetu hakuna mtu asiyeijua harufu hiyo. Ni ya jikoni kwetu sote. Yakipashwa moto siku nyingi hugeuka gundi, na valvu zilikuwa zikinasa humo kila asubuhi hadi joto liilainishe. Nikachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja nikaandika uzee. Upande wa pili nikaandika mtu, kisha nikakaa na kalamu mkononi, kwa sababu nilijua ni mtu gani.

Alikuwa bado Ngokolo, katika chumba cha kupanga, mitaa mitatu kutoka kwangu. Wiki tatu nilikuwa nikipita njia nyingine. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku lililofungwa kwa kamba, mkewe anakunja mkeka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, fundi. Umekuja kutupima na sisi?"

Mkewe hakuinua uso.

"Nimelisikia asubuhi," nikamwambia. "Linagonga kama ulivyosema."

"Limekusubiri."

"Mafuta ya pamba, kaka. Ni wewe?"

Mkewe aliacha mkeka na kumtazama, na nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa hajui.

"Ni mimi," akasema. "Lilipoanza kula nilimwambia tajiri. Kopo moja likawa moja na nusu. Akanitazama vile, unajua, mtu anapokutazama mifuko. Nikaona nikisema tena wiki ijayo nimekwisha. Shemeji yangu alikuwa kwenye kinu cha mafuta, ananipa chupa. Nikawa najazia kidogo kidogo, kijiti cha kupimia kinasoma pale pale. Hata tone la oili yake sikuuza. Yote imeingia mle."

"Halafu?"

"Halafu kinu kikasimama, mkanda ulikatika na mwingine hakuna. Chupa zikakoma. Sasa likataka makopo manne siku moja, kwa sababu miezi yote nilikuwa nalifichia."

"Ungeniambia ile siku gereji."

"Niseme nini mbele ya tajiri? Kwamba sikuiba, ila nimemkaangia injini?"

Mkewe akasema kitu kwa Kisukuma, kifupi, akarudia kukunja mkeka kwa nguvu. Dereva akatikisa kichwa.

"Anasema ningekula hayo mafuta kuliko kulilisha gari la mtu."

Nilimweleza nitakachoandika. Nikamwambia wazi kwamba nikiandika kuhusu mirija iliyolika tu, atatoka safi. Nikiongeza mafuta ya pamba, tajiri atajua nani aliyenatisha valvu zake, na kazi hataipata tena, wala kwa Mhindi mwingine yeyote mtaa ule, maana wanaambiana.

"Andika yote," akasema. "Nusu nusu ndiyo iliyonifikisha kwenye sanduku hili. Kazi siitaki. Nakwenda nyumbani Kishapu, na nyumbani habari imetangulia. Kaka yangu amenitumia salamu, anauliza oili niliuza kwa nani. Nataka neno hilo lirudishwe. Lilitolewa barazani, lirudishwe barazani, mbele ya wale wale. Na karatasi uliandika wewe. Wewe usome."

Tajiri hakupinga nilivyodhani. Alisikiliza akiwa amesimama nyuma ya kaunta, mkono juu ya jora la kitambaa.

"Kwa hiyo hakuiba," akasema.

"Hakuiba."

"Lakini aliharibu."

"Alizidisha. Mirija ililika yenyewe."

"Miaka ishirini," akasema, "na hakuweza kuniambia." Nilimwambia kwamba dereva aliwahi kumwambia, mara ya kwanza gari lilipoanza kula. Akavuta jora, akalikunja upya ingawa lilikuwa limekunjwa.

Jumanne iliyofuata, saa ile ile ya asubuhi, tulikusanyika. Mafundi cherehani walikuwepo wote wawili. Wanawake wa khanga walikuwa wengine, lakini wawili kati ya wale wa kwanza waliitwa kutoka sokoni, na walikuja na watu wao. Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa mbele ya baraza. Dereva alisimama chini, jua likimpiga, shati limepigwa pasi.

Nilisoma. Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi na mbele ya mahakimu, lakini sijapata kusikia sauti yangu ikiwa mbaya kama asubuhi ile. Nilisoma kwamba karatasi ya kwanza nilikosea. Kwamba sikwenda kusikiliza injini ikiwa baridi nilipoombwa. Kwamba gari linakula oili, na lilikuwa likila. Kwamba dereva alijazia mafuta ya pamba ili kuficha ulaji huo, na mafuta hayo yamenatisha valvu. Kwamba oili yote iliyonunuliwa iliingia katika injini.

Cherehani moja ilikuwa bado ikizunguka. Mwenyewe akaisimamisha kwa kiganja.

"Ya pamba?" akauliza. "Yale ya kupikia?"

"Yale yale."

"Ndiyo maana lilikuwa likipita hapa nasikia njaa."

Watu wakacheka, na dereva naye akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Tajiri alingoja kicheko kiishe. Kisha akashuka ngazi mbili za baraza hadi chini alipokuwa mwenzake.

"Nilisema anayekunywa ni mtu," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Hakuwa mtu. Lilikuwa gari. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu wanawake wa khanga, kama darasani.

Akatoa ufunguo mfukoni, akamnyoshea. Dereva aliutazama.

"Hapana, tajiri. Gari hilo sasa linataka valvu, halitaki dereva." Akanigeukia. "Fundi, hiyo karatasi naiomba. Ina muhuri?"

Haikuwa na muhuri. Nilikuwa nao begini, lakini kidau cha wino kilikuwa kimekauka tangu mwaka uliopita. Wino nao ulikuwa wa kibali. Tajiri akaleta cha dukani, nacho kikavu. Tulisimama hapo, watu wazima watatu na muhuri usioandika, huku baraza zima likitoa ushauri. Mwisho nilifungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikadondosha matone mawili juu ya kidau. Nikagonga. Jina la gereji likatoka, jeusi, limetanuka kidogo pembeni.

Dereva aliipokea karatasi, akainusa.

"Hii ni ya gari au ya pamba?"

"Mchanganyiko," nikasema.

"Wabeja," akasema. Asante. Sijui alikuwa akinishukuru kwa lipi.

Basi la Kishapu lilikuwa linaondoka saa nne. Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia stendi na sanduku. Dereva alitaka kuikunja karatasi aitie mfukoni, akakumbuka kwamba oili haikauki na ingelichafua andiko zima. Kwa hiyo akaibeba wazi, mbele ya kifua, kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, akapita nayo hivyo katikati ya soko, taratibu, na kila aliyetaka kusoma alisoma.